Nani Amemkaribisha Huyu?

Ndugu mwananchi, ukifungua kompyuta asubuhi, ni ukurasa gani unaokupokea? Ni ule uliouchagua mwenyewe, au ni mwingine, umejaa matangazo ya dawa za kupunguza unene, na kisanduku cha kutafutia usichokifahamu?

Wengi wetu tumekwisha kuzoea. Tunasema kompyuta imezeeka, au bando la siku hizi halikai. Mara nyingi kompyuta ni nzima kabisa, ila imejaza wageni.

Nazungumzia viendelezi, zile programu ndogo zinazobandikwa kwenye kivinjari kama Chrome, Edge au Firefox. Vipo vyema, na mimi mwenyewe navitumia. Kimoja hutafsiri maneno, kingine huzuia matangazo. Lakini kiendelezi kikiomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha data yako kwenye tovuti zote, kinamaanisha hivyo hivyo. Barua pepe unayoandika, fomu ya mkopo wa masomo unayomjazia mwanao, ukurasa wa benki uliofungua: vyote kinaweza kuviona.

Huingiaje bila hodi? Nitakusimulia ya kwangu. Mpwa wangu alitaka kutazama video ya somo la baiolojia, na kompyuta ya nyumbani ikawa haiwezi kuicheza. Akasikia habari za VLC, programu nzuri ambayo VideoLAN, wenye nayo, huitoa bure. Akaandika jina, akabonyeza jibu la juu kabisa, ambalo kumbe lilikuwa tangazo la watu wengine. VLC aliipata, na video ikacheza. Ila ndani ya kikapu kilekile mlikuwa na vitu vingine vitatu, navyo vikashuka pamoja nayo. Alibonyeza endelea, endelea, nakubali, kama tunavyofanya sote. Wiki nzima tukawa tunalaumu mtandao.

Sikumgombeza, nawe nakuomba usimgombeze wako. Mitego hii hutegwa na watu wanaolipwa kwa kila kompyuta wanayofanikiwa kuiingia. Hata Java, programu iliyoaminiwa na maofisi, kwa miaka kadhaa ilikuja na upau wa Ask, ule mstari wa kutafutia unaojibandika kwenye kivinjari, na alama ya kukubali ilikuwa imeshawekwa kwenye kisanduku. Fundi mwenye haraka aliupitia vilevile kama mwanafunzi.

Basi tufanyeje? Kwanza tuichukue programu kwa mwenyewe, kwenye tovuti yake au duka rasmi la programu kwenye simu au kompyuta. Wakati wa kusakinisha, tusiwe na mbio. Ukiona kitufe kilichoandikwa Custom au Advanced, bonyeza hicho, kwa sababu hapo ndipo vile visanduku vilivyofichwa hujitokeza. Ondoa alama mahali usipopaelewa. Programu uliyoihitaji itaingia tu.

Na wale walioingia tayari? Kazi ya kuwatoa ni ya dakika tano. Kwenye Chrome, andika chrome://extensions pale juu unapoandika anwani. Kwenye Edge ni edge://extensions, na kwenye Firefox ni about:addons. Utaona orodha yote. Usichokijua, kiondoe. Halafu nenda kwenye orodha ya programu za kompyuta yenyewe, uangalie zilizoingia siku moja na hicho kiendelezi, maana mara nyingine programu iliyobaki ndiyo hukirudisha. Ukimaliza, rudisha ukurasa wako wa mwanzo na injini yako ya kutafutia, kisha ubadilishe maneno ya siri ya barua pepe na benki. Hili la mwisho tunalisahau sana.

Je, kiendelezi kimegoma kuondoka, na Chrome inasema inasimamiwa na shirika lako? Ofisini hilo ni jambo la kawaida. Kwenye kompyuta ya sebuleni, ambako hakuna shirika lolote, ni dalili ya mgeni aliyejifungia ndani. Mpelekee fundi unayemwamini, umwoneshe maneno hayohayo.

Tukumbuke pia kwamba kiendelezi kizuri huweza kubadilika mikononi mwa mwingine. The Great Suspender kilipendwa kwa sababu kiliipumzisha kompyuta yenye kurasa nyingi. Kikawa na watumiaji zaidi ya milioni mbili. Mwaka 2020 mwenyewe akakikabidhi kwa wengine, na Februari 2021 Google ikakiondoa kwa kuwa na programu hasidi ndani yake. Waliokisakinisha hawakukosea kitu. Kwa hiyo orodha ile tuipitie kila baada ya miezi michache, kama tunavyofungua madirisha kupisha hewa.

Ndugu zangu wa steshenari na saiba, ninyi nawaomba kwa namna ya pekee. Kwenye kompyuta zenu mama anajaza maombi ya kitambulisho, kijana anatuma barua ya kazi. Je, mnaweza kuzikagua kila asubuhi kabla ya mteja wa kwanza? Na sisi wateja, tusiwashe usawazishaji wa akaunti zetu pale, kwani viendelezi husafiri na akaunti kutoka kompyuta moja hadi nyingine.

Kwenye simu, ukurasa ukikuomba uruhusu arifa ndipo uendelee, bonyeza zuia. Kama uliwahi kuruhusu, ingia kwenye mipangilio ya kivinjari, sehemu ya arifa, uzizime. Vile vijitangazo vya saa nane usiku vitanyamaza.

Leo jioni, baada ya chakula, kaeni pamoja mbele ya kompyuta ya nyumbani. Mtoto ashike kipanya, mtu mzima asome orodha kwa sauti, jina moja baada ya jingine. Kwa kila jina ulizeni: nani amemkaribisha huyu? Kama hakuna anayejibu, mtoto abonyeze ondoa.