Majina na Asili Yake: Stanley na al-Barawi

Wako wadhanio ya kuwa majina ya Kiingereza hayana maana. Lakini mengi asili yake ni ardhi. Stanley, jina walilobatizwa wengi katika Kenya, limetokana na maneno mawili ya Kiingereza cha kale: la kwanza ni jiwe, la pili ni mahali palipofyekwa msituni. Clifford nalo ni kivuko cha mto penye jabali. Kwanza lilikuwa jina la mahali. Kisha wakaao pale wakaitwa kwalo. Likawa jina la ukoo. Na mwisho wazazi wakawapa watoto wao liwe jina la kwanza.

Katika visiwa vya Lamu desturi hii si ngeni, ila njia yake ni nyingine. Waarabu huiita nisba: jina la mji hutiwa i mwishoni, na mtu akaitwa kwa mji alikotoka. Imamu al-Bukhari, aliyefariki mwaka 870, asili yake ni Bukhara. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliitwa al-Tanji kwa kuwa alizaliwa Tangier. Sheikh Uways al-Barawi, aliyefariki mwaka 1909, alikuwa mtu wa Barawa, mji wa pwani ya Somalia, kaskazini ya Lamu.

Ajabu ya nisba ni kuwa haina kazi kubwa mtu akiwa kwao. Ndani ya Amu kila mwenyeji ni Mwamu, na Pate kila mwenyeji ni Mpate. Hapana haja ya kutajiana mji. Bali mwaka 1441, kadhi wa Lamu alipokuwa Makka kati ya mahujaji wa kila nchi, huko ndiko jina la mji wake lilikomtambulisha. Asafiriye huuchukua mji wake katika jina, na wajukuu hulirithi hata wakiwa wamekwisha kuwa wenyeji wa kwingine.

Hata hivyo si kila jina lenye mwisho huo ni la mji. Nabahani wa Pate, Mazrui wa Mombasa na Busaidi wa Unguja ni majina ya kabila, na asili yao ni Omani.

Jambo hili lawapasa makarani na wenye mashamba kulifikiri. Ikiwa baba ameandikwa kwa nisba katika hati ya shamba lake la minazi, na mwana akaandikwa bila nisba katika cheti cha kuzaliwa, siku ya mirathi majina mawili hayatapatana, na mwenye haki atahitaji mashahidi kuthibitisha kuwa ni mtoto wa baba yake. Basi karani mwema huuliza jina kamili kabla ya kushika kalamu, na mzazi mwenye busara hulitaja lote. Herufi chache zilizoachwa zaweza kumpotezea mtu shamba, pamoja na mji wa babu zake.