Skrini ya buluu nayo ni maandishi

Mwaka jana rafiki yangu alitoka Kabambare na TFC yake, kurasa 52 za mkono, akaipeleka kwa sekretaria moja hapa Kasongo ipigwe kwa mashini. Siku ya tatu skrini ikageuka buluu, ikajaa maneno meupe ya Kifaransa. Papa aliyekuwa anapiga akaona humo neno la kosa na neno la uharibifu, akasema: "Mwanangu, mashini imekufa, na kazi yako imeenda nayo." Rafiki yangu akaanza upya mahali pengine, akalipa mara ya pili, akachelewa, akangojea sesioni ya pili. Wiki moja baadaye mtu aliwasha mashini ile. Iliwaka vizuri, na kurasa zilikuwamo.

Maneno yale yalikuwa yanasema kinyume cha alichoelewa papa: Windows imesimama ili kuzuia uharibifu, kama ni mara ya kwanza kuona skrini hii, zima mashini, uwashe tena. Mimi simlaumu papa. Sisi watu wa fakulte ya lugha tunachambua riwaya na mashairi, lakini maandishi haya, ambayo mtu huyasoma akiwa na hofu, tumewaachia mafundi.

Nayo yana historia yake. Macintosh ya mwaka 1984 ilipokwama ilionyesha picha ya bomu. Windows NT 3.1 ya mwaka 1993 ilitoa skrini ya buluu yenye namba na vifupisho, lugha ya fundi kwa fundi. Windows XP, mwaka 2001, ilikuwa na mashauri kwa sentensi ndefu. Windows 8, mwaka 2012, ikayafuta karibu yote, ikaweka uso wenye huzuni na maneno machache. Mwaka 2016 ikaja alama ya kupiga picha kwa simu ili usome maelezo kwenye intaneti. Mwenye kuishi mbali na mtandao haimsaidii kitu. Mwaka 2025 buluu yenyewe ikageuzwa nyeusi.

Ninaloliona kubwa zaidi ni la Apple. Mwaka 2002, Mac OS X 10.2 ilipokwama iliandika ujumbe mmoja kwa lugha nne pamoja: Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani na Kijapani. Yaani walijua kwamba mtu aliye katika shida anahitaji lugha yake. Walichagua tu ni watu gani.

Wengine watasema Kiswahili kimo tayari. Ni kweli: mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa OpenOffice ya Kiswahili, na Windows nayo imewahi kuwa na Kiswahili, kilichopangwa kwa Kenya. Lakini "anzisha upya kompyuta yako" kwa papa wetu ni karibu kigeni kama kile Kifaransa. Huku tunasema mashini, tunasema zima na washa. Katiba ya mwaka 2006 inakiita Kiswahili lugha ya taifa. Basi kifanye kazi pale mtu anapokwama.

Napendekeza fakulte itunge karatasi moja, ibandikwe ukutani katika kila sekretaria ya Kasongo na Kabambare. Nimeanza hivi: "Mashini imesimama yenyewe ili isiharibike. Kazi uliyoihifadhi kwa kawaida ingalimo. Zima, ngoja kidogo, washa tena. Ikirudia, andika namba unayoiona, umwite fundi. Usiseme imekufa kabla ya kuwasha."

Nilimsomea papa yuleyule. Alielewa yote isipokuwa "uliyoihifadhi". Yeye husema "uliyoianrejistre". Je, tumpe neno lake, au tumfundishe letu? Mimi nampa lake. Maprofesa na wanafunzi wenzangu, ninyi mnasemaje?