Kidonda si chungu cha kutilia kila unga

Huku kwetu Nyangezi, mtu akijikata na jembe ao panga, tunakimbilia farmasi, tunanunua kapsuli ya ampisilini, tunaifungua na kumwanga unga juu ya kidonda. Ndugu zetu, tuache! Ni vile tunazoesha mikrobe dawa.

Mwaka 2007, wataalamu wa China walionyesha kama chembe ndogo sana za oksidi ya chuma zinafanya kazi kama anzimu. Kisha wengine waliona zikichanganywa na maji ya oksijeni kidogo, zinaua mikrobe bila antibiotiki. Ni vizuri, lakini dawa hiyo haijafika kwenye kituo chetu cha afya. Tukiingojea, tuoshe kidonda na maji safi na sabuni, twende kwa muganga. Na serikali ikataze kuuza antibiotiki kama karanga.