TUSIHESABU SEMINA, TUPIME DARASA

*TAARIFA YA TAWI KWA WANACHAMA WOTE*



Kwenye vikao vya kata tunasomewa taarifa za elimu zinazofanana: walimu kadhaa wa Fizikia, Kemia, Baiolojia na Hisabati wamehudhuria mafunzo, posho zimelipwa. Tunapiga makofi, ajenda inafungwa. Hatuulizi swali moja: mwalimu aliporudi darasani, mtoto amejifunza nini zaidi?

Mkulima wa pamba hajisifii siku alizoshinda shambani. Anasubiri mizani ya AMCOS. Mafunzo ya walimu nayo yanahitaji mizani.

Kwetu huku jambo hili ni la uhai. Geita, Nyang'hwale, Mbogwe, Msalala na Kahama, mtoto akitoka shule anapita kwenye makarasha na mialo. Anaona zebaki ikishikwa kwa mikono mitupu na kuchomwa karibu na jiko la chakula. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, lakini mtoto anayekariri Kemia ubaoni hatajua kwa nini moshi ule unamdhuru mama yake. Na ajira za maabara na mitambo migodini hazitamsubiri.

Mwaka 2012 Rais Kikwete alipoagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, wananchi walichangia fedha na nguvu zao. Taarifa zikahesabu vyumba. Lakini maabara yenye kufuli mlangoni haifundishi, hata ikiwa kwenye orodha.

Serikali sasa ina MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Walimu wanakutana shuleni kwao kwenye jumuiya za kujifunza badala ya kusubiri semina ya mjini. Pia ulianzishwa mradi wa SEQUIP wa sekondari, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa Dola milioni 500 ulioidhinishwa mwaka 2020. Tunaunga mkono. Na kwa kuwa mkopo tutaulipa sisi na watoto wetu, tuna haki ya kujua umezaa nini.

Kupima kunawezekana, na mkoa wa Shinyanga umeshaona. Mpango wa EQUIP-Tanzania wa shule za msingi, uliofadhiliwa na Uingereza, ulipimwa mwaka 2014, 2016 na 2018. Wanafunzi wa darasa la tatu walipewa mitihani ya Kiswahili na Hisabati katika shule zilizo ndani ya mpango na shule zilizo nje yake, kisha wakalinganishwa. Wapimaji waliangalia pia kama mwalimu yumo darasani wakati wa kipindi.

*MSIMAMO WA TAWI*

Diwani wetu aombe taarifa ya mafunzo ya walimu wa sayansi ijibu mambo matatu:

1. *Vitendo.* Muhula huu kila kidato kimefanya majaribio mangapi kwa mikono yao? Daftari la maabara na madaftari ya wanafunzi yatasema.

2. *Uelewa.* Wanafunzi wapewe jaribio fupi kabla ya mafunzo na lingine la ugumu uleule baadaye. Walinganishwe na shule ambazo zamu yao bado.

3. *Kudumu.* Baada ya mwaka mmoja, mwalimu bado anafundisha kwa mbinu hizo? Kama amehamishwa, nani amerithi ujuzi wake?

Wapo wanaosema matokeo ya NECTA yanatosha. Hayatoshi. Yanashuka kwa sababu nyingi: darasa limejaa, mtoto ameacha vipindi na kwenda machimboni, au ametoka msingi kwa Kiswahili na kukutana na Fizikia kwa Kiingereza. Mwalimu mzuri anaweza kulaumiwa kwa mzigo usio wake, na mafunzo mabovu yakasifiwa kwa sababu shule ilichagua wanafunzi.

Wapo pia wanaosema mwalimu kwanza apewe nyumba na vifaa. Ni kweli, apewe. Vipimo hivi ndivyo vitaonyesha ni wapi mafunzo yamekwama kwa kukosa kemikali na siyo kwa uvivu wa mtu. Kwa hiyo majibu yasitumike kumdhalilisha wala kumhamisha mwalimu. Yatumike kurekebisha mafunzo. Mwalimu akiogopa kipimo, atatuandikia anachodhani tunataka kusoma.

Fedha si kisingizio. Halmashauri zetu zinapokea kutoka migodini ushuru wa huduma, na marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanaitaka migodi kukubaliana na halmashauri mpango wa huduma kwa jamii. Tumezoea kuona fedha hizo kwenye majengo. Sehemu ndogo ilipie kemikali na karatasi za vipimo.

Wajumbe wa mashina, lijadilini hili kabla ya kikao kijacho cha tawi. Wazazi, leo jioni fungua daftari la Kemia la mwanao, uhesabu majaribio aliyofanya mwaka huu.



*Katibu Mwenezi wa Tawi*