Kabla ya kununua kompyuta ya chama, uliza mazabodi

WAHENGA walisema mchagua jembe si mkulima. Hata hivyo, mkulima wa Bunda au Butiama analijua jembe linalopinda mvua za kwanza tu, na halinunui mara ya pili. Kwa nini basi vyama vyetu vya msingi vinanunua kompyuta bila kuuliza kilichomo ndani?

Msimu mmoja wa pamba nilifika katika ofisi ya chama kimoja wilayani Bunda. Kompyuta ilikuwa imekufa katikati ya ununuzi. Karani alikuwa akinakili upya kilo za kila mkulima kutoka kwenye stakabadhi, na nje wanachama walikuwa wakisubiri malipo. Mama mmoja mtu mzima aliniambia: "Mwanangu, pamba yangu imeshaondoka, fedha yangu imebaki humo kwenye sanduku." Fundi alipofungua alikuta mazabodi imeungua.

Mazabodi ni ule ubao mpana ndani ya sanduku ambao vifaa vingine vyote huchomekwa. Ikifa, kompyuta nzima imesimama.

Wengi huniuliza chapa ipi ni bora. Asus, Gigabyte na MSI, zote za Taiwan, zina jina zuri. Lakini jina pekee si kinga. Kuanzia mwaka 1999 hadi 2007 hivi, kapasita mbovu ziliharibu kompyuta za kampuni nyingi duniani. Hivi ni vile vikopo vidogo vinavyotuliza umeme juu ya mazabodi. Vilivimba na kuvuja. Mwaka 2005 Dell ilitenga takriban dola milioni 300 kushughulikia kompyuta zake za ofisini zilizokumbwa. Abit, iliyosifiwa na mafundi wengi, iliacha kutengeneza mazabodi mwishoni mwa 2008. Intel nayo ilitangaza mwaka 2013 kwamba inaachana na biashara ya mazabodi za kompyuta za mezani.

Kwa maoni yangu, viongozi wa chama waulize maswali manne. Kwanza, ikiharibika, nyingine ya kuingia humo inapatikana Musoma au Mwanza? Dell na HP zilizotumika nje ni imara, lakini nyingi zina mazabodi na pawa saplai zenye umbo lake, hivyo huwezi kuweka ya chapa nyingine. Mazabodi za kipimo cha microATX hutengenezwa na kampuni nyingi.

Pili, kapasita zake ni kavu au za majimaji? Zile kavu huvumilia joto zaidi. Tatu, dhamana imeandikwa kwenye risiti pamoja na namba ya kifaa, au ni maneno ya muuzaji tu?

Nne, umeme utalindwaje? Mazabodi ya kawaida yenye UPS nzuri ni bora kuliko ya bei mbaya iliyochomekwa ukutani moja kwa moja. Na tarehe ikianza kurudi nyuma, usikimbilie kununua mazabodi mpya. Mara nyingi ni kile kibetri chake cha mviringo, CR2032, kimekwisha.

Ndugu msomaji, tupige hesabu ya mfano. Kompyuta ya sh. 400,000 ikidumu misimu miwili, kila msimu umegharimu sh. 200,000. Ya sh. 700,000 ikidumu misimu mitano, kila msimu ni sh. 140,000. Hapo sijahesabu siku ambazo mkulima amekaa bila fedha yake huku ada ya shule inasubiri.

Fedha ya kununulia kompyuta ni ya wanachama. Waulize maswali haya kwenye mkutano mkuu, kabla ya msimu kufunguliwa. Na karani, hata ukiwa na mazabodi bora kuliko zote, kila jioni nakili hesabu za siku kwenye flashi na uifungie kabatini.