Mashine Iliyovuka Bahari Kichwani mwa Mtu

Wako wenzetu wasemao kwamba Mzungu alizaliwa na akili ya mashine, na kwamba kazi yetu sisi ni kununua alichokwisha kukitengeneza. Maneno haya tumeyasikia hata katika mikutano ya matawi, tena yakitoka vinywani mwa vijana waliosoma. Sisi hatuyakubali, na leo twataka kueleza sababu yetu kwa habari ya nguo.

Wazee wetu walikuwa na nguo ngumu isiyotiwa rangi wakiita merikani. Jina hilo latoka Marekani, maana nguo yenyewe ilifumwa huko, katika viwanda vya jimbo la Massachusetts, ikaletwa Unguja na meli za mji wa Salem. Mwaka 1833 Seyyid Said alifanya mkataba wa biashara na Wamarekani, na mwaka 1837 konsuli wao alikuwa amekwisha kukaa Unguja. Kutoka pwani wapagazi waliibeba mpaka Tabora na Ujiji, na huko bara ikawa ndiyo fedha ya safari. Pembe za ndovu na sandarusi zilikwenda, merikani ikaja.

Je, Wamarekani hao walizipata wapi mashine za kufumia nguo hiyo?

Mashine za kusokota pamba zilianza Uingereza, wala hazikuanzishwa na mabwana wakubwa. Mwaka 1733 John Kay alibuni chombo cha kurusha mshindio kilichomwezesha mfumi kwenda mbio kuliko zamani, hata nyuzi zikawa hazitoshi. Katika miaka ya 1760 James Hargreaves, naye mfumi asiye na mali, akaunda mashine iliyosokota nyuzi nane kwa mara moja. Mwaka 1768 watu waliohofia kazi yao walimwingilia nyumbani wakazivunja mashine zake. Richard Arkwright alikuwa kinyozi. Mwaka 1771 alianza kiwanda huko Cromford, mashine zikiendeshwa kwa nguvu za maji. Mvuke wa James Watt ulifuata baadaye. Mfumi na kinyozi! Hao ndio waliobadili dunia, na watu wa kazi kama zao tunao katika kila mji wetu.

Serikali ya Uingereza iliijua thamani ya kitu hicho. Kwanza ilikuwa imekwisha kufunga mlango wa mbele: kwa sheria ya mwaka 1721 raia wake walikatazwa kuvaa nguo za pamba zilizopigwa chapa za rangi, maana nguo za Bara Hindi zilikuwa nzuri kuliko zao na bei yake nafuu. Kisha, mashine zilipopatikana, ikafunga mlango wa nyuma. Sheria zilikataza kupeleka nje mashine, michoro yake, hata mafundi wenyewe. (Watu hao hao baadaye walizunguka dunia nzima wakihubiri biashara huria.)

Mwaka 1789 kijana mmoja wa miaka 21, Samuel Slater, alipanda meli kwenda Marekani akijifanya mtu wa shamba. Hakuchukua hata karatasi moja ya mchoro. Alikuwa amejifunza kazi katika kiwanda cha nyuzi tangu utoto, na mashine nzima, gurudumu kwa gurudumu, alikuwa ameiweka kichwani. Mwishoni mwa mwaka 1790 mashine zake zilikuwa zikizunguka Pawtucket, katika jimbo la Rhode Island. Miaka ishirini baadaye tajiri wa Boston, Francis Cabot Lowell, alitembelea viwanda vya Uingereza, akatazama mashine za kufuma kwa macho ya mtu anayehesabu, akarudi kwao. Mwaka 1814 yeye na fundi Paul Moody walikuwa na mashine yao ya kufuma huko Waltham, Massachusetts. Haikupita miaka ishirini, nguo za jimbo hilo zikawa zinashushwa Unguja. Basi wale waliotuuzia merikani walikuwa wanafunzi wa juzi tu.

Hatusemi haya ili kuwasifu. Pamba yao ililimwa na nani? Mwaka 1793 Eli Whitney alibuni mashine ya kuchambua pamba. Kabla yake mtu mmoja aliweza kutoa mbegu kwa mkono katika ratili moja hivi ya pamba kwa siku, na mashine ikafanya hamsini. Mtu angedhani mzigo wa mtumwa ungepungua. Uliongezeka, maana wenye mashamba sasa walitaka pamba bila kikomo, na ya kuvuna hakukuwa na mashine. Mwaka 1790 watumwa wa Marekani walikuwa wapata 700,000. Mwaka 1860 walikaribia 4,000,000. Hivyo merikani iliyovaliwa Unyamwezi ilitokana na pamba iliyochumwa na watu weusi waliofungwa, na huku kwetu ikatumiwa, mara nyingine, kununulia watu weusi wengine.

Huko Uingereza nako wafumi wa mkono waliangamia kwa njaa, na mwaka 1812 sheria iliweka adhabu ya kifo kwa mwenye kuvunja mashine.

Na wafumi wetu je? Richard Burton, aliyepita bara kati ya mwaka 1857 na 1859, aliviona vitanda vya wafumi Unyamwezi, na Ufipa pia walifuma pamba yao. Asituambie mtu kwamba tulikuwa hatujui mtande wala mshindio. Tulichokosa ni mtu wa kwenda kuitazama mashine ya wengine na kurudi nayo.

Leo pamba inalimwa Simiyu, Shinyanga na Mwanza. Viwanda vya kuchambua tunavyo tangu enzi za ukoloni. Vya kusokota na kufuma ndivyo havitoshi, na sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huondoka ikiwa marobota kabla ya kuwa uzi. Baada ya Uhuru tulijenga viwanda vya nguo, na vingi vilidhoofika katika miaka ya 1980 na 1990. Sababu ni nyingi, lakini moja yaufahamu kila fundi: kipuri kikivunjika, tulingoja meli.

Juzi katika tawi letu mzee mmoja alisimama, akashika ukosi wa shati lake la mtumba, akasema, "Ninyi walimu, nani kati yenu awezaye kunieleza uzi huu umesokotwaje?" Tulikuwa zaidi ya watu sitini. Tuliokuwa na vyeti tulitazama chini.

Tumeanza na jambo dogo. Tumemwandikia mwenye kiwanda cha kuchambua pamba kilicho karibu nasi, tukiomba wanafunzi wa darasa la saba wapelekwe siku mashine inapofunguliwa kusafishwa, waone matumbo yake, si mabati yaliyoifunika. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili tutaipeleka wenyewe kwa mkono Jumatatu, na wanafunzi watakuja pamoja nasi mpaka langoni.