Zebaki Haogopi, Kidonge Anaogopa

Nina duka la dawa muhimu hapa Katoro, mkoani Geita, na wateja wangu wengi ni wachimbaji wadogo. Wataalamu wakitutembelea husema watu wanakwenda kwa mganga kwa sababu ya ujinga na umaskini. Sikubaliani nao. Mganga si wa bei rahisi hata kidogo, wapo wanaompelekea mbuzi, ilhali dawa za kifua kikuu hutolewa bure.

Mtazame kijana wa duarani, yaani kwenye shimo la dhahabu. Anakamua zebaki kwenye kitambaa kwa mikono mitupu, kisha anaichoma palepale, moshi ukimpiga usoni. Jioni anakuja kwangu anakohoa, kifua kimejaa vumbi la mawe. Nikimwambia akapime makohozi, ananijibu kuwa vidonge vya hospitali ni kemikali tupu. Kemikali! Kinachomtisha ni kukaa nje wakati wenzake wamekaribia mawe yenye dhahabu. Mganga humpa mizizi bila kumwambia aache kazi. Tena humuuliza habari za baba yake, ndugu zake na bahati yake. Sisi tunamuuliza umri na uzito.

Mlokole naye hataki kulisikia jina la mganga, lakini mlonge na mwarobaini anachemsha, maana mti kaumba Mungu. Kinachomkera ni maneno anayoyanuiza mganga juu ya mti huo. Na Mei 2020, Rais Magufuli alipowaambia waumini kanisani kwao Chato kwamba mwanawe amepona corona kwa kujifukiza na kunywa limau na tangawizi, wengi walijifunika blanketi zaidi kwa mapenzi yao kwake kuliko kwa hoja yoyote ya kitabibu.

Basi watu huchagua dawa kwa kile wanachokithamini, lakini si kila anachokithamini mtu ni cha kubembelezwa. Tamaa ya utajiri wa haraka ndiyo iliyowapa soko wapiga ramli waliodai viungo vya watu wenye ualbino vinaleta dhahabu. Kanda hii imezika watu. Serikali ilipiga marufuku ramli Januari 2015, na hapo sina huruma. Lakini tabibu wa miti shamba anatambuliwa na sheria ya mwaka 2002. Asitiwe kapu moja na wale.

Kwa hiyo zahanati za machimboni zipime makohozi jioni, watu wakitoka shimoni. Na daktari aulize, “Unakunywa dawa gani nyingine?” bila kukunja uso. Ipo miti inayogombana na dawa za hospitali, na mgonjwa aliyekaripiwa mara moja hataitaja chupa yake tena.